Wageni Waliokuja na Jiko Lao

Mtu akienda kumwona dada yake ambaye hajamtia machoni miaka na miaka, hubeba zawadi. Mohamedtaki alibeba jiko, maji ya kunywa, kitanda na choo.

Vyote vilikuwa ndani ya arivii, ile nyumba ya magurudumu ambayo Kamil, kaka wa mkewe, aliinunua wakati wa korona, akasafiri nayo safari moja, kisha akaiacha uani kwake Markham ikiota ukungu. Asubuhi ile ya Septemba ilikuwa imesimama chini ya ghorofa lao la Thorncliffe Park, Toronto, imelalia nafasi mbili za kuegeshea, na mwenye nafasi mojawapo alikuwa amekwisha kushuka kuuliza itaondoka saa ngapi, akapanda, akashuka tena.

Watu waliegemea vibarazani huko juu wakimtazama Mahjabeen, mke wa Mohamedtaki, akipandisha masufuria. Bibi mmoja wa Kipunjabi aliuliza kwa ishara ya mkono: mnahama? Mahjabeen akacheka, akatikisa kichwa.

"Tunakwenda kutembea," alisema kwa Kiswahili, kana kwamba bibi yule angemwelewa.

"Mfuko mzima wa mchele?" Mohamedtaki aliuliza. "Kwa kulala mara mbili tu?"

"Wewe endesha. Mambo ya tumbo niachie mimi."

Mohamedtaki aliendesha teksi ya uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamwambia basi, kwa hiyo ukubwa wa gari haukumtisha. Kilichomtisha kilikuwa mbele, Sudbury kwa dada yake, mwisho wa barabara.

Aliyeianzisha safari ni binti yao, Sabika. Miezi ya msiba, Muharamu na Safar, ilikuwa imekwisha, na harusi yake ilipangwa Oktoba. Kwa Makhoja, Waislamu wa Kihindi kama wao, dada wa baba huitwa fui, na fui ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumpaka bibi harusi pithi, yale manjano yaliyokorogwa na unga wa dengu na marashi. Wengine wote hupaka baada yake. Sabika alizaliwa Toronto na alizoea kuwajibu wazazi kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, ili neno lisipotee njiani:

"Mimi nina fui au sina? Kama ninaye, sipakwi na mtu mwingine. Kama sina, niambieni nijue."

Fui alikuwepo. Mehrunissa alikuwa ameolewa na Mogaka, Mkisii wa Nyamira, na baba yao kule Tanga akaamuru jina lake lisitajwe mezani. Baba akafa. Amri ikabaki, kama kiti cha marehemu ambacho hakuna aliyekatazwa kukikalia na hakuna anayekikalia. Hata Mehrunissa na mumewe walipohamia Canada, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Thorncliffe, kaka mtu hakwenda. Alipiga simu sikukuu mbili tatu, akauliza hali ya hewa.

Sasa ilibidi aende akaombe.

*

Walipoupita mji wa Barrie, magari yakapungua na miti ikaanza. Sabika alikuwa nyuma kitandani, vidude vya muziki masikioni. Mahjabeen alitazama nyuma kuhakikisha, kisha akainamisha sauti.

"Tutasema tumbo."

"Tumbo la nani?"

"Lako. Daktari amekukataza chakula cha nje, lazima nikupikie mwenyewe. Mtu akisikia daktari, hunyamaza."

"Mehrunissa ni nesi, Mahjabeen."

"Manesi ndio wanaowaogopa madaktari zaidi."

"Na kwa nini tusile tu kwake?"

"Mbwa. Nimekuonyesha picha. Mbwa kakaa kwenye kochi miguu mbele, kama bwana harusi. Kochi najisi, zulia najisi, mtu anatoka hapo anakwenda kushika mwiko. Utakula, halafu uswali na nini?"

"Mumewe alisilimu lakini. Nikaha ilisomwa Mombasa, sote tunajua."

Mahjabeen aligeuza uso dirishani, akawa anaitazama miamba.

"Mimi nimesema neno juu ya mumewe? Nimesema mbwa."

Ukweli ni kwamba Mohamedtaki alishukuru kuwepo kwa mbwa. Bila yule mbwa, ingewabidi wayataje mengine: ngozi ya Mogaka, nywele za Mogaka, maneno ambayo baba yao aliyasema na wao wakayasikiliza wakiwa wameinama. Mbwa alikuwa amewasitiri wote.

*

Nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo, imekaa juu ya mwamba, na mwanamume mrefu mwenye mvi alikuwa amesimama barazani akiwangojea. Alishuka mbio, akaanza kuielekeza arivii kwa mikono.

"Kuja. Kuja. Kuja kidogo. Kata kushoto... simama."

Mohamedtaki alisimama akiwa amechelewa. Sanduku la barua lililala chini na mti wake.

"Wacha tu," alisema Mogaka, akiliinua na kulitikisa vumbi. "Hii kitu ilikuwa inaniletea bili peke yake. Karibuni. Karibuni sana nyumbani."

Akampa mkono. Mohamedtaki akaushika, na hapo ulimi ukatafuta jina la kumwita. Neno shemeji lilikuwa karibu kabisa, lakini halikutoka. "Habari za hapa," alisema, akaliruka jina kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mehrunissa akatokea mlangoni. Alikuwa amejifunga mtandio, amenenepa kidogo, na kutembea kwake kulikuwa kutembea kwa mama yao, bega la kulia mbele. Wakakumbatiana. Alinukia bizari. Alimshika kaka yake usoni kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama tikiti la sokoni.

"Umekuwa mzee, kaka."

"Na wewe."

"Mimi nesi, nina dawa." Kisha akalitazama lile gari refu. "Hii nayo? Mlisikia Sudbury hakuna nyumba?"

"Aa, wifi, tusikusumbue," Mahjabeen alisema upesi. "Sisi tutalala humu humu na kupika humu humu. Kaka yako tumbo lake baya. Daktari kamkataza kila kitu."

"Chumba nimekitayarisha. Nimetandika shuka mpya."

"Atalala Sabika."

Mehrunissa akamgeukia kaka yake. "Tumbo lina nini?"

"Linajaa."

"Kabla ya kula au baada?"

"Baada," alisema Mohamedtaki. "Na kabla."

"Anakupa dawa gani?"

Mohamedtaki alimtazama mkewe.

"Ile nyeupe," alisema Mahjabeen.

"Ile nyeupe," Mehrunissa alirudia. Hakucheka, na hakuuliza tena.

Sabika alikwisha kuvua viatu na kuingia ndani, na sauti yake ilisikika jikoni akifunua vifuniko. Fui alimfuata, akambana shavu. "Sabika. Jina zuri. Ilikuwa kazi yangu kukupa jina, unajua? Fui ndiye anayetoa jina. Sijui ningekuita nani." Alilisema kwa kicheko, lakini Mohamedtaki, aliyesimama mkekani mlangoni na viatu vyake miguuni, alililamba neno hilo na likawa chungu.

Ili kusema kitu, akauliza: "Mbwa wenu yuko wapi?"

"Mbwa gani?"

"Tuliona picha. Kwenye kochi."

"Aaa, yule!" Mehrunissa akapiga makofi. "Wa Générose, jirani yetu hapo, mama wa Kikongo. Siku moja mlango ulikuwa wazi, tukamkuta amejikalia. Mogaka akampiga picha kwanza, ndiyo akamfukuza. Nililisuuza lile kochi mpaka mgongo ukakatika. Mimi nifuge mbwa, kaka? Umenisahau kiasi hicho?"

Mohamedtaki alimtazama mkewe. Mahjabeen alikuwa akikagua kucha zake. Basi mbwa alikuwa ameondoka, amewaacha peke yao. Na bado walikula ndani ya arivii jioni ile, wali na dengu, wakigonganisha viwiko, huku vicheko vya Sabika vikiwafikia kutoka kwenye meza ya fui yake.

*

Jumamosi mchana, hodi iligongwa kwenye bati la gari. Mehrunissa alikuwa amesimama mbele ya kidaraja cha kupandia garini na sinia mikononi, imefunikwa kwa kawa la ukindu wa rangi. Mohamedtaki alilijua kawa lile. Lilikuwa likining'inia msumarini jikoni kwa mama yao, Tanga.

"Pilau," alisema Mehrunissa. "Hii nimeipika mbali na ya wengine. Haina pilipili. Mafuta kijiko kimoja. Kuku nimemtoa ngozi, viazi nimevichemsha kwanza. Bizari ni ile ya Mama, nimeisaga kwa mkono wangu. Tumbo likikataa usilazimishe, kaka, lakini onja."

Mahjabeen aliipokea sinia akiwa amesimama katikati ya mlango, na mlango wa arivii ni mwembamba, mtu mmoja huuziba. Mehrunissa alinyoosha shingo kidogo kuchungulia ndani, akatabasamu, akangoja. Hakuna aliyemwambia karibu. Akapangusa mikono kwenye kanga yake, ambayo haikuwa imelowa, akarudi zake.

Ndani, kawa lilipofunuliwa, gari lote lilijaa harufu ya hiliki na mdalasini. Mohamedtaki akakaa kitako. Viazi vilikuwa vimekatwa nusu kwa urefu, kama alivyovikata mama.

"Nionje kidogo," alisema.

"Masufuria yake yamepikia nini jana, unajua?"

"Mbwa si wake, Mahjabeen. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia." Akatafuta mahali pengine pa kushika, akapapata. "Lakini umekwisha kusema una tumbo. Ukila cha leo, atauliza kwa nini hukula cha jana. Na ukila mchana, usiku atatuita mezani, utakataaje? Tutakaa meza moja na wote, kesho picha ziko kwa Kamil, kesho kutwa ziko Thorncliffe nzima, na watoa maneno wakijua tulivyokuwa tukisema juu yao miaka yote..." Hakumaliza. "Mimi sina ubaya naye. Imekwisha kuwa hivi. Mwaga."

"Wapi? Mfuko wa taka Mogaka ameuchukua mwenyewe asubuhi."

Wote wawili wakakitazama kile kimlango chembamba cha choo.

Sitasema kwamba mkewe alimlazimisha, maana mikono ilikuwa yake. Aliikamata sinia ya dada yake, akakanyaga kile kidude cha chini, tundu likafunguka, akamimina. Wali ulishuka kwa fungu. Viazi viligoma, akavisukuma kwa kijiko. Mapaja ya kuku, mifupa na yote. Akakanyaga tena, yakaja maji kidogo ya bluu, tundu likafunga mdomo.

Punje chache zilikuwa zimenata kwenye kidole gumba. Alizitazama, akampa mkewe mgongo, akazila. Akabaki amesimama ndani ya choo kile, kichwa kimegusa dari, na Tanga yote ikiwa kwenye ulimi wake.

Mahjabeen aliiosha sinia mpaka ikang'aa. Kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, akapanga juu yake biskuti za njugu, akazifunika kwa kawa.

*

Jioni walikwenda kuirudisha. Walikaa sebuleni, kwenye lile kochi, Mohamedtaki ukingoni kabisa kama mtu aliyeitwa polisi. Chai ililetwa. Mahjabeen akasema amekunywa sasa hivi.

"Mmemaliza?" Mehrunissa aliuliza, akiinua kawa na kuziona zile biskuti.

"Chote," alisema Mahjabeen. "Mpaka punje."

"Na tumbo, kaka?"

"Limetulia," alisema Mohamedtaki. "Limetulia kabisa."

Hapo ndipo dada yake alipotabasamu kwa meno, mara ya kwanza tangu wafike. Aliiweka sinia mapajani, akaipapasa.

"Sasa niwaambie. Sabika ameniomba la pithi tangu jana. Nikamwambia ngoja. Nikamwambia huyu," akamwashiria mumewe, "nitawapelekea chakula. Wakikirudisha, siendi harusini, na tusilaumiane. Wakikila, nitakwenda na yaliyopita nitayazika. Usiku sikulala vizuri. Mtu mzima mimi, nimeuguza watu mpaka wamekufa mikononi mwangu, nikaogopa sinia."

"Mehru," alisema Mogaka taratibu.

"Acha niseme. Nimefurahi." Akamgeukia Sabika. "Nitakuja, mwanangu. Nitakupaka mpaka nyusi."

Sabika alimrukia shingoni. Mahjabeen naye alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Mohamedtaki alikishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili mpaka kikapoa. Alitamani tumbo limuume kweli.

*

Jumapili asubuhi, wakati wa kufunga mizigo, Mahjabeen alitoka chooni na uso uliobadilika.

"Kimejaa. Hakishuki."

Mohamedtaki alimpigia Kamil. Kamil akasema kuna bomba chini ya gari, kuna mfuniko, kuna kishikio cha kuvuta, mengine kasahau. Mohamedtaki alilala kifudifudi kwenye kokoto na koti lake la kuendea mjini. Mogaka akamwona kutoka dirishani. Alikuja amevaa mabuti ya mpira na glavu.

"Toka hapo, utachafuka bure. Kuna tundu la maji machafu pale ukutani, tutaunganisha mpira, mambo kwisha."

"Hapana, hapana," alisema Mohamedtaki. "Nitamwaga barabarani huko, kuna vituo."

"Na ikimwagika njiani? Msichana wa watu anasafiri na harufu? Wacha nikusaidie."

"Nasema acha, bwana."

Mogaka alimtazama kwa mshangao, kisha akachukulia kuwa ni haya ya mgeni. Watu wazuri wana kosa hilo, hawamwachi mtu na aibu yake. Akavuta kishikio, kikakwama nusu. "Imeuma kitu," alisema. Akaweka ndoo, akaanza kuulegeza mfuniko polepole, na mfuniko ukamtoka mkononi.

Uchafu ulitoka kwa nguvu. Ulimlowesha Mohamedtaki suruali mpaka magotini, ukampiga Mogaka kifuani, ukaenea juu ya kokoto mpaka kwenye ua wa jirani. Na ndani yake, katika maji yale ya bluu, wali. Wali mwingi, umevimba, mweupe kwenye jua. Kijiti cha mdalasini kikaelea, kikakwama kwenye buti la Mogaka.

Générose alikuwa upande wa pili wa ua na mbwa wake.

"Pole, papa," alisema. "Pole sana. Hii magari iko na mateso." Akaziba pua, akainama. "Lakini... ni muchele hii? Muchele na viazi?"

Mogaka hakumjibu. Alikuwa ameona. Alisimama akitiririka uchafu wa wageni wake, akautazama ule wali, akamtazama Mohamedtaki, na uso wake haukuwa na hasira, afadhali ungekuwa nayo. Kisha akafanya jambo ambalo Mohamedtaki atakufa nalo. Alinyoosha mguu, na kwa ncha ya buti akaanza kuvisukuma vile viazi chini ya gari, kimoja kimoja, harakaharaka, kama mtu anayeficha kitu mtoto asikione.

"Générose, mrudishe mbwa ndani tafadhali," alisema. "Na wewe ingia gari, anza kuwasha. Nitaosha. Mehru asitoke."

Lakini Mehrunissa alikwisha kutoka, na ndoo ya maji ya moto, na brashi. Alikuwa amesikia kelele za bomba. Akafika, akasimama. Kiazi kimoja kilikuwa kimebaki, nusu kwa urefu.

Aliiweka ndoo chini.

"Mafuta kijiko kimoja," alisema.

"Wifi, kilidondoka," alisema Mahjabeen kutoka kwenye kidaraja, akipapasa mtandio wake. "Wallahi tulikula, hicho ni kilichobaki. Gari liliyumba kikaanguka."

"Gari limesimama tangu Ijumaa, wifi."

Mahjabeen akarudi ndani ya gari.

"Leta brashi, nitafanya mimi," alisema Mogaka.

"Hapana. Wewe nenda ukavue nguo. Nimekipika mimi, nitakiosha mimi." Akapandisha kanga, akachuchumaa, akaanza kusugua kokoto. Bila kuinua kichwa, akasema: "Kaka, umelowa. Utaendaje safari na kuswali hivyo? Bafu liko mkono wa kushoto."

Mohamedtaki alikwenda. Maji ya arivii yalikuwa yamekwisha, hakuwa na pengine pa kwenda. Alipita sebuleni akiacha alama kwenye zulia, akaingia bafuni, na pale pembeni ya choo, mahali pake kabisa, palikuwa na kopo la plastiki jekundu lenye mdomo mrefu, la kutawadhia, kama la kwake Thorncliffe. Nyuma ya mlango ulining'inia mswala uliochakaa mahali pa magoti, magoti makubwa, ya mtu mrefu. Kila alichokuwa akikikimbia hakikuwemo. Uchafu uliokuwemo ndani ya nyumba ile aliuingiza yeye, kwa miguu yake.

Alipofungua mlango alikuta msuli na shati vimekunjwa kizingitini. Vya Mogaka. Akavivaa. Shati lilimfika mapajani.

Jikoni Sabika alikuwa amesimama dirishani akimtazama fui yake akisugua. Hakugeuka. Alimuuliza baba yake, kwa Kiingereza, kama kweli alikuwa anaumwa tumbo.

"Hapana," alisema Mohamedtaki.

Alingoja amuulize la pili. Sabika alivaa viatu, akaenda nje kwa fui yake.

*

Wakaagana wamesimama mbalimbali. Kokoto zilikuwa zimeoshwa, zinang'aa. Sabika alikuwa analia waziwazi.

"Fui, basi hutakuja."

Mehrunissa alivua glavu, akanawa mikono kwa mpira wa bustani, akajifuta kidole kimoja kimoja ndipo akamshika.

"Nilisema nitakuja. Mimi sina ndimi mbili. Nitakuja na mume wangu." Akamtazama kaka yake juu ya bega la msichana. "Tutalala hoteli. Na chakula chetu tutakuja nacho."

*

Siku ya pithi, Oktoba, walikodi chumba cha sherehe cha chini ya ghorofa lao. Walikuja ndugu wa North York, wakwe watarajiwa, majirani. Mehrunissa alifika na Mogaka, wamependeza wote wawili. Alimpaka Sabika mashavu, mikono, miguu, mpaka nyusi, kama alivyoahidi, na aliimba nyimbo za Tanga ambazo hakuna mwingine pale aliyezikumbuka zote. Mahjabeen akamletea sharubati.

"Ahsante, wifi," alisema Mehrunissa kwa upole. "Ninayo yangu." Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba.

Biriani ilipopakuliwa, yeye na mumewe walikwenda kukaa meza ya mwisho. Wakafungua mfuko, wakatoa kopo la plastiki lenye mfuniko, na vijiko viwili. Minong'ono ikaanza kupita kutoka meza hadi meza, kama sahani ya ndimu. Mama wa bwana harusi aliuliza kitu sikioni kwa jirani yake. Kamil, ambaye hakujua kunong'ona, akasema: "Mohamedtaki, dada yako vipi? Chakula chetu kina nini? Ana tumbo?"

Chumba kikangoja. Uongo ulikuwa umeletwa kwake umekwisha kupikwa, kilichobaki ni kutikisa kichwa tu. Mahjabeen, akiwa na sinia ya biriani mkononi, alimkazia macho: sema ndiyo.

"Hana tumbo," alisema Mohamedtaki. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia ili mama wa bwana harusi asikie. "Hana tumbo. Alitupikia chakula kwake, nikakimwaga chooni. Kwa mkono wangu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Alivuka chumba chote, na chumba kilikuwa kirefu kuliko barabara ya Sudbury. Akafika meza ya mwisho.

"Shemeji," alisema, "sogea kidogo nikae."

Mogaka akasogea.

Mohamedtaki akakaa. Hakuwa na kijiko, na hakuna aliyempa. Ndani ya kopo kulikuwa na pilau, viazi nusu kwa urefu, safari hii na pilipili na mafuta kama kawaida. Mehrunissa alikuwa anatafuna polepole, macho mbele. Hakumwambia kula. Hakulifunga kopo. Lilikaa pale pale lilipokuwa, kati yake na mumewe, na Mohamedtaki akanyoosha mkono, ukavuka mbele ya Mogaka, ukaingia. Pilau ilikuwa imepoa. Alikula tonge, akala jingine, pilipili ikimtoa machozi mbele za watu, na nyuma yake alimsikia mkewe amesimama na ile sinia, hajui pa kuiweka.